Lisbon siku tatu na mama: tukale wapi?

Mwana_Pangani
Wakuu, habari za humu. Mwezi ujao mama anatoka Tanga kuja kunitembelea hapa Uingereza, na nimepanga kumpeleka Lisbon siku tatu. Ana miaka 68, nguruwe hagusi, pombe hata ya kupikia hataki, na magoti yanamsumbua. Ila kwa kula, mama ni mtu wa kuonja kila kitu, na yeye ndiye aliyenifundisha kupika, kwa hiyo nataka nimlishe vizuri.

Nina sehemu nne kichwani: Mercado da Ribeira pale Cais do Sodré, Cervejaria Ramiro kwa vya baharini, Cantinho do Aziz kwa chakula cha Msumbiji, na Pastéis de Belém kwa vikeki vya krimu ya mayai. Bajeti ni yuro 50 kwa siku kwa sisi wawili, siku moja naweza kuvuka. Mliofika, ipi inastahili mlo kamili na ipi tupite tu?

BintiLikoni
Mpe mama shikamoo yangu. Mimi nasoma hapa, huu mwaka wa nne.

Ramiro ipo tangu 1956 na sifa zake ni za kweli, lakini pale unalipia kwa uzani. Ukiagiza kamba wakubwa wawili watatu na kaa mmoja, hiyo 50 yako imekwisha kabla hujashiba. Foleni nayo mara nyingi ni ya kusimama. Kama ndiyo siku yako ya kuvuka bajeti, nendeni mapema, shukeni metro ya Intendente. Kamba wa kitunguu saumu ni watamu mno, na wenyeji humalizia kwa prego, yaani mkate wenye nyama ya ng'ombe. Usichanganye prego na bifana: bifana ni nguruwe. Na kombe wadogo wanaoitwa amêijoas à Bulhão Pato mara nyingi hupikwa kwa mvinyo mweupe, kwa hiyo mama awaache.

Lakini ningekuwa wewe, Ramiro ningeiacha. Panda feri Cais do Sodré uvuke mto Tejo hadi Cacilhas, kama dakika kumi hivi. Mtu wa Likoni siwezi kutosifia feri! Ukishuka tu kuna mtaa wa Cândido dos Reis, tambarare, hauna magari, na mikahawa ya samaki imejipanga. Dourada au robalo mzima wa mkaa, viazi vya kuchemsha, saladi, mafuta ya zeituni. Mama atamchambua kwa mkono na hakuna atakayemshangaa.

Mzee wa Kinu
Binti amesema vizuri kuhusu Cacilhas, ila kwa Ribeira nitaongeza neno. Ule upande wa vibanda vya chakula ulifunguliwa 2014, na kusema kweli bei ni za wageni. Meza ndefu za pamoja, kelele, na ikifika saa saba mchana unazunguka na sinia mkononi ukitafuta pa kukaa. Kwa mtu wa magoti si pazuri. Upande wa pili wa jengo lilelile kuna soko lenyewe la samaki na mboga, asubuhi. Huko ndiko kwa kumpeleka mama. Akaone pweza, akaone bacalhau, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi, imesimamishwa kama mbao. Mtu anayejua ng'onda ataielewa bila kuelezwa.

Nyumba ya Nazi
Mimi niko upande wa Msumbiji moja kwa moja. Nimezaliwa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma ni ndugu zetu, na nilipokula matapa Mouraria, mtaa ilipo Cantinho do Aziz, nilinyamaza. Ni kisamvu, wakuu. Kisamvu kilichopondwa, karanga, nazi, mara nyingine kamba ndani yake. Chamuças ni sambusa, hata jina linajitambulisha. Xima ni ugali. Na ile piri-piri wanayopaka kuku mji mzima ni pilipili yetu, jina na yote.

Tatizo ni njia. Cantinho do Aziz ipo kwenye vichochoro vya ngazi. Kutoka kituo cha Martim Moniz si mbali, lakini ni kupanda. Mpeleke mchana, polepole, mkipumzika, au mchukue teksi iwasogeze. Usimkoseshe kwa ajili ya ngazi.

BintiLikoni
Nakubali. Halafu jihadharini na couvert. Mkikaa tu, mhudumu analeta mkate, zeituni, jibini. Si zawadi, kila ulichogusa kinalipiwa. Mwaka wangu wa kwanza, sehemu moja ya Baixa, nilitozwa yuro tisa kwa jibini ambayo sikuiagiza, na nilikuwa nahesabu senti za wiki nzima. Iliniuma. Sema "não, obrigada" wairudishe, hawakasiriki.

Supu ya caldo verde huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe, omba "sem chouriço", na bado uliza ilivyopikwa. Neno la kuogopa kwenye vitafunio ni "banha", ndiyo mafuta ya nguruwe.

Mzee wa Kinu
Kuhusu Belém: wanapika vile vikeki tangu 1837, na foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ingieni ndani, kuna vyumba vingi vyenye vigae vya buluu, mtahudumiwa mezani. Manteigaria ya Chiado ni wapinzani wa kweli, wanapiga kengele vikitoka vya moto. Kwangu, Manteigaria krimu yake ni laini zaidi, Belém ngozi yake inavunjika vizuri zaidi. Kwa mama, Belém, kwa sababu ya kukaa. Tramu 15 inawafikisha.

Mwana_Pangani
Tulisharudi, nimeona niwajibu maana mmenisaidia sana.

Ramiro tuliacha. Cacilhas tulienda mara mbili. Mama alimgeuza dourada, akamkandamiza kidole karibu na kichwa, akasema huyu amevuliwa leo. Alipomaliza ulibaki mwiba mtupu.

Mouraria tulipanda kwa nusu saa, tukikaa kwenye kila ukingo wenye kivuli. Matapa ilipofika alionja, akaomba ndimu, akaonja tena. Akasema karanga zimekaangwa kwanza, ndiyo maana rangi imekolea. Alitaka kuingia jikoni. Nilipouliza kwa Kireno changu kibovu wakacheka, wakamtoa mama mmoja wa jikoni aje mezani, wakaongea kwa mikono, kila mmoja akionyesha anavyotwanga. Wenyewe walielewana kwenye "meza" na "leso", maneno tuliyoyatoa kwenye Kireno.

Belém tulikula vitatu kila mmoja. Mama mdalasini alimwaga mwingi kuliko sukari. Mzee wa Kinu, ukipata namna ya kutengeneza ile ngozi nyumbani, nidokeze, maana ameshaniuliza mara mbili tangu afike Tanga.