Tupeane uzoefu: Picha za kauboi za nyeusi na nyeupe, ya kwako ilikuwa ipi?

Kofia ya Pama
Wakuu, heshima zenu. Juzi umeme ulirudi saa nne usiku, usingizi umeshanipaa, nikafungua simu nikakutana na High Noon ya mwaka 1952. Nikasema naangalia dakika kumi tu. Nikaimaliza yote, dakika 85, chai imepoa pembeni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Polisi wa mji mdogo ameoa asubuhi hiyohiyo, amekabidhi beji, yuko mbioni kuondoka na mke. Mara habari: jambazi aliyemfunga ameachiwa, anafika na treni ya saa sita mchana, na wenzake watatu wanamngoja stesheni. Basi. Kinachofuata ni saa ya ukutani na mtu mzima anayebisha hodi nyumba hadi nyumba kuomba msaada. Kanisani wanamjadili kama kikao cha harusi, mwisho wanamshauri aondoke. Rafiki yake mmoja kajificha chumbani, kamtuma mkewe akaseme hayupo. Hapo nilicheka peke yangu, maana nami nimewahi kwenda kudai hela yangu nikaambiwa "baba katoka" huku viatu vyake viko mlangoni.

Gary Cooper, aliyeigiza huyo polisi, alikuwa na miaka 50, anaumwa mgongo na vidonda vya tumbo kwelikweli. Uso ule sidhani kama leo tungeuacha hivyo ulivyo.

Haya, wewe ilikukamata ipi, na ulikuwa wapi? Za rangi tuziache kwa leo.

Mzee wa Mkonge
Kijana, umenitonesha. Picha hiyohiyo niliiona nina miaka kumi na mbili, Tanga, sinema moja ya mjini. Baba alikuwa shamba la mkonge, mishahara ikitoka tunapanda lori Jumamosi. Siku hizo picha ilikuja vipande vipande ndani ya madebe ya bati, na sinema mbili zinaweza kugawana moja: kipande kikiisha huku, kijana wa baiskeli anakikimbiza kule.

Tukafika pale treni imeshapiga honi. Adui kashuka, bibi harusi kapanda. Taa zikawaka. Kipande cha mwisho hakijafika. Tukangoja, watu wakapiga miluzi, maganda ya karanga yakaruka, mwenye sinema akatoka kutuambia kijana kaanguka na baiskeli, turudi kesho. Kesho! Na lori linaondoka usiku uleule. Hela hatukurudishiwa hadi leo.

Kwa hiyo mimi nimezeeka nikijua yule mke alimwacha mumewe. Hata mwanangu alipooa nilimtolea mfano huo mbele ya watu.

Kofia ya Pama
Shikamoo mzee. Jamani, ninaomba MTU ASIMMALIZIE. Mzee, angalia kwenye ujumbe wako, nimekutumia pa kuipata.

Greatwall Inchi 14
Nasalimu kutoka Vihiga. Sitasema kitu, ila yule bibi harusi ni wa dini ya Quaker, hawa Marafiki tunaowajua sisi watu wa huku, na nyanya yangu wa Kaimosi alikuwa vivyo hivyo: hata manati hakutaka kuiona kwake. Ndiyo sababu anamkataza mumewe vita.

Yangu inachekesha. TV ilikuwa ya jirani, Greatwall, inaendeshwa na betri ya gari inayopelekwa sokoni kuchajiwa. Usipomtekea maji hukanyagi sebuleni kwake. Nikamwona Django pale, anaburuta jeneza kwenye matope. Miaka mingi nikiapa kwamba Django ni nyeusi na nyeupe, tena nilibishana na mwalimu. Nimefika Nairobi, nikaiona kwa TV ya mjini: wale adui wamejifunga vitambaa vyekundu, mtu wangu! Ile picha ina rangi tangu 1966. Nilihisi kama nimeibiwa kitu. Kwangu ile ya betri ndiyo ya kweli mpaka sasa.

Fundi Lenzi
😂😂 Greatwall, hujakosea sana.

Mimi napiga picha za harusi Mwanza. Wengi wanadhani hizi picha zilikosa rangi kwa kuwa teknolojia ilikuwa haijafika. Rangi ilikuwepo, hata The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962 ilipigwa nyeusi na nyeupe wakati rangi imeshaenea. Ukishajua kwamba huna rangi, unaanza kuhesabu mwanga. Kichujio chekundu mbele ya lenzi kinazuia buluu, anga linageuka jeusi na mawingu yanachomoza kama pamba. Kwa Fort Apache ya 1948 mwongozaji John Ford alitumia hata filamu ya infraredi, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, ndiyo maana lile anga linatisha. Sasa tazama High Noon: mpigapicha wake Floyd Crosby alikataa vichujio, alitaka ifanane na picha za kale za Mathew Brady za vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Anga limebaki jeupe tupu. Mtu wa Shinyanga anayajua mchana wa namna hiyo, unahisi jua kwenye utosi.

Nikajifanya mjuzi, nikampiga bibi harusi mmoja saa sita mchana, nyeusi na nyeupe, bila kichujio. Mama yake akaniuliza mbona kama picha za msiba. Nilirudisha nusu ya malipo.

Mama wa Genge
Mimi si mtu wa bunduki. Mume wangu ndiye mpenzi, mimi huwa namenya viazi pembeni. Lakini kuna moja ilinisimamisha kisu, The Ox-Bow Incident, 1943. Henry Fonda yumo.

Habari inafika mjini kwamba mfugaji ameuawa na ng'ombe wake wameibwa. Wanaume wanajikusanya na kamba, polisi mwenyewe hayupo. Usiku wanawakuta watu watatu wamelala porini, wana ng'ombe wa yule mfugaji na hawana risiti. Wanapigiwa kura pale pale. Saba tu ndio wanakataa wasinyongwe. Mmoja wa saba ni mhubiri mweusi, aliyeona ndugu yake akiuawa hivyo hivyo. Alfajiri wanawanyonga. Wakiwa njiani kurudi wanakutana na polisi: mfugaji yuko hai.

Mtaani kwetu kijana aliitiwa mwizi kwa ajili ya simu. Nilikuwa nafunga genge. Nilisikia kelele, nikasogea kama wengine, nikaona, nikarudi kufunika nyanya zangu. Simu ilikuja kuonekana chini ya kiti cha bajaji, jioni ileile. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", basi, imepita. Kwenye ile picha, mwishoni wale watu wako baa, wamekaa kimya na glasi zao, na Fonda anasoma barua ambayo mmoja wa walionyongwa alimwandikia mkewe. Wakati anasoma, kofia ya mwenzake imemziba macho, unaona mdomo tu. Sijui nani alibuni hilo. Mimi macho ya wenzangu siku ile sikuyatazama pia.

Viazi sikumaliza.

Fundi Lenzi
Mama, pole.

Mwana wa L'shi
Kwetu Kongo hizi picha zilizaa watoto kabisa. Baba alikulia Léopoldville kabla haijaitwa Kinshasa. Miaka ya 1950 vijana wa mitaa walijiita Bill, kutokana na Buffalo Bill. Leso shingoni, suruali ya jinzi, lugha yao wenyewe wazungu hawaielewi, na ngumi kwa watu wa mtaa wa pili. Baba husema waliangalia mwendo kuliko hadithi: steringi anavyosukuma mlango, anavyokaa bila kugeuka. Ana miaka themanini na kitu, bado hakai na mgongo kwa mlango.

Mla Vumbi
Niko Arizona, naendesha lori. Niliziona nikiwa mdogo kwenye banda umiza la Mbagala, kanda ikikwaruza, na Stagecoach ya 1939 ndiyo ilinishika: lile gari la farasi dogo kama siafu chini ya miamba mirefu. Kichwani mwangu Marekani ilikuwa nchi ya kijivu.

Mwaka juzi nikapata siku mbili, nikapinda kwenda Monument Valley, mpakani na Utah. Wakuu, ni jekundu! Jekundu kama udongo wa Same baada ya mvua. Nilisimama nikijiuliza John Ford alitupaje jivu badala ya moto. Kisha wingu likapita, kivuli kikatambaa juu ya mwamba, nikaiona tena ile ya banda umiza.

Lile bonde ni ardhi ya Wanavajo, na lango wanalisimamia wao. Kwenye Stagecoach Wanavajo ndio waliovalishwa kuwa Waapache, na Waapache hao wanaanguka kwenye farasi mmoja mmoja, wengi bila hata jina. Sisi bandani tulishangilia kila mmoja akidondoka. Mama mmoja wa Kinavajo aliniuzia mkate wa kukaanga, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akauliza na huko mlikuwa mnaziangalia? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, mlikuwa upande wa nani? Nikalipa mkate.

Greatwall Inchi 14
Aisee. Swali hilo.

Kofia ya Pama
Mla Vumbi, tafuta Liberty Valance, mtazame Woody Strode, mwigizaji mweusi. Darasani anasoma azimio la uhuru wao, anasahau palepale pa watu wote kuumbwa sawa. Mwalimu anamwambia wengi husahau kipande hicho.

Mzee wa Mkonge yuko wapi? Siku ya tatu leo.

Mzee wa Mkonge
Nipo. Bando liliniishia, mjukuu akaja na lake, akaunganisha simu na TV.

Nimeiona. Treni ikapiga honi, bibi harusi akapanda, na mimi nikajikuta naangalia balbu, nikingoja taa ziwake. Hazikuwaka. Risasi ya kwanza inalia, yule binti anaruka kutoka kwenye behewa anakimbia kurudi mjini. Na dini yake hiyo aliyoisema Greatwall, akamlaza adui mmoja kwa kupitia dirishani! Nilisimama, mjukuu akanishika mkono akidhani nimezidiwa. Mwisho mume anaitupa beji vumbini, wanapanda gari lao, hakuna hata kwaheri kwa mtu.

Nikampigia mwanangu, ilikuwa saa tano usiku. Akauliza, baba, kuna msiba? Nikamwambia hapana, ile hadithi niliyokupa siku ya ndoa yako ilikuwa na kipande kimebaki Tanga.