Usambara, Uluguru au Udzungwa: siku nne za kutembea milimani

Baba Neema: Wakuu, nina likizo ya siku nne. Natoka Dar na binti yangu wa miaka 13. Kilimanjaro hapana, pesa na siku havitoshi. Tunataka msitu mnene, maporomoko ya maji, na ikiwezekana usiku wa baridi. Usambara, Uluguru au Udzungwa?

Shangazi wa Soni: Njoo Usambara, mwanangu. Mnashuka Mombo, mnapanda kona kwa kona hadi Lushoto. Pale Irente mnasimama ukingoni, Mazinde yote iko chini ya miguu yenu. Kesho yake msitu wa Magamba. Kwenda Mtae kwa miguu ni kuzuri mno, vijiji njia nzima, ila kunataka siku za kutosha, kwa safari hii kuacheni. Sweta msisahau.

Mluguru: Treni ya SGR hadi Morogoro, asubuhi mnaanza kupanda kuelekea Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani, na mwenye pumzi anaendelea Bondwa. Maji ya Ruvu mnayotumia Dar yanaanzia kwenye milima hii. Lakini nisikudanganye, kwa siku nne mtabaki na muda mwingi.

Mbega Mwekundu: Mkuu, ukisema msitu mnene na maporomoko, umeshataja Udzungwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992 na ndani hakuna barabara za watalii kama Mikumi, kila kitu ni miguu yako. Maporomoko ya Sanje yana takribani mita 170. Unayasikia kabla hujayaona, na binti anaweza kuoga kwenye bwawa lake. Njiani tembeeni kimya mtazame juu: kuna mbega wekundu wanaopatikana kwenye milima hiyo na misitu ya jirani tu, na ngolaga wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Nimeingia mara tano na bado kila mara nasimama nikiwaona.

Shangazi wa Soni: Na baridi je? Mang'ula, penye geti la Udzungwa, ni bondeni, usiku ni joto.

Mbega Mwekundu: Kweli, shangazi, hapo umenishinda. Laleni na chandarua.

Baba Neema: Nimemsomea binti, ameng'ang'ania nyani. Tunakwenda Udzungwa, tunapitia Mikumi kwa basi. Shangazi, Desemba tunakuja kwako na masweta. Mbega, kwa Sanje tuanze saa ngapi?

Mbega Mwekundu: Saa moja na nusu muwe getini. Jua likishapanda, ule mwinuko wa kwanza unachosha sana.