DVD niliyochoma haichezi kwenye deki ya mama: naomba ushauri

Msambaa wa Mjini:
Wakuu, habari za jioni. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limeshanila diski tatu. Ninayo video ya harusi ya mdogo wangu, iliyopigwa kwa simu, ya saa 1 na dakika 40, faili moja la MP4 lenye GB 3.2. Mama yuko Lushoto na anataka kuitazama kwa deki yake ya zamani, iliyounganishwa na runinga ya kichogo. Nimelinakili faili hilo kwenye DVD-R na kwenye kompyuta linacheza vizuri kabisa, lakini deki huizungusha diski kama nusu dakika, ikakoroma kidogo, kisha ikaandika kwamba diski haisomeki. Deki ni nzima, maana sinema za kununua inazicheza. Nakosea wapi?

Fundi Mikanda:
Ndugu, diski zako ni nzima pia. Unapolinakili faili la MP4 unaifanya diski kuwa ghala tu, kama flashi, ilhali deki ya kawaida hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP, ambamo picha imebanwa kwa mfumo uitwao MPEG-2 na sauti, mara nyingi, kwa ule uitwao AC-3. Simu nyingi hubana picha kwa H.264, mfumo uliotoka mwaka 2003, wakati DVD zilikwisha kuingia sokoni Japani tangu 1996. Kubadilisha jina la faili kutoka MP4 kuwa VOB hakusaidii; nawajua watu waliojaribu, nami nikiwa mmoja wao. Pakua DVDStyler, programu ya bure ya kutengenezea DVD, chagua PAL, yaani mfumo wa picha wa runinga za kwetu, iingize video, kisha iache igeuze na kuchoma yenyewe. Kwa urefu huo, picha isizidi megabiti 5.5 kwa sekunde, la sivyo haitaenea kwenye diski ya GB 4.7.

Bi Ngamiani:
Namheshimu Fundi, ila hapo kwenye PAL ninasita. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde na PAL hutaka 25, kwa hiyo wacheza ngoma wataonekana wakirukaruka. NTSC, mfumo wa runinga za Marekani, yenye 29.97, ingekuwa laini zaidi.

Fundi Mikanda:
Kwa runinga bapa, Bi mkubwa, ningekubali bila ubishi. Lakini baadhi ya runinga za kichogo zilizouzwa kwetu huonyesha NTSC kwa rangi nyeusi na nyeupe, na sidhani kama mama atafurahi kuliona gauni la bibi harusi likiwa la kijivu.

Msambaa wa Mjini:
Ahsanteni sana. Nimetumia PAL, DVD ilifika Lushoto juzi na ikacheza, rangi zote zikiwa mahali pake. Hata hivyo, ilipofika saa 1 na dakika 20, keki ikikatwa, picha ilivunjika vipande vya mraba na kuganda, na kila wakirudia inagandia palepale.

Fundi Mikanda:
Ulichoma kwa kasi gani? Na je, umebandika karatasi juu ya diski?

Msambaa wa Mjini:
Kwa 16x, yaani mara 16 ya kasi ya kawaida. Ndiyo, nilibandika picha ya maharusi, ilipendeza mno.

Fundi Mikanda:
Basi tumempata mchawi. Diski husomwa kuanzia katikati kuelekea ukingoni, kwa hiyo mwisho wa video yako umeandikwa pembeni kabisa, mahali ambapo kasi ya 16x hufikia kilele chake na makosa ya kuchoma huongezeka. Karatasi nayo huipa diski uzito usiolingana, ikayumba zaidi hukohuko pembeni. Choma nyingine kwa 4x, uandike jina kwa kalamu laini ya wino, wala si ya bik, inayokwaruza.

Msambaa wa Mjini:
Nimechoma kwa 4x bila karatasi, nikaijaribu kwa deki ya jirani hadi wageni wanaaga. Inapanda basi la kesho asubuhi. Ile picha ya maharusi nimeitia ndani ya kasha.