Klabu ya kupiga vita mezani kwa visanamu, mtu anaanzia wapi?

mpwa_wa_midlands: Wakuu habari zenu. Nipo Uingereza, kuna mzee kazini kanialika klabu yao, nikajua ni mpira kumbe ni ukumbi wa kanisa, meza zimetandikwa vitambaa vya kijani, vilima, vijiti vya miti, na watu wazima kabisa wamepanga askari wa mm 28 waliopakwa rangi mpaka vifungo vya koti, wanapima kwa futi, wanarusha dadu, wanabishana vita vya Waterloo kama sisi na Simba na Yanga. Asee nimenogewa. Mzee ana Wafaransa wa Napoleon kabati zima anataka nitafute Waingereza nipambane nae. Sasa nianze na hao kweli au kuna njia haimalizi mshahara? Kupaka rangi sijui hata kidogo.

DaduSita: Karibu kwenye ugonjwa mkuu. Kwanza USINUNUE KITU. Klabu nyingi huku mgeni anaazimwa jeshi, unalipa hela ndogo ya meza basi, cheza hivyo kwanza. Napoleon mwachie mzee wako, kila regimenti ya Waingereza ina rangi yake ya kola na mikono, na batalioni moja ni watu 20 na kitu, utapaka mpaka uchukie. Kuna sheria za vita vya kale kila upande una vipande 12 tu (kipande ni kibao kidogo chenye visanamu vichache), ubao wa sm 60 kwa 60, saa moja kwisha habari. Anzia hapo na visanamu vya mm 15.
Rangi ni hivi, praima (rangi ya msingi) ya kupuliza kwanza maana bila hiyo rangi inabanduka ukishikashika, kisha rangi za kawaida, kisha rangi ya kahawia nyepesi kama maji inayoingia kwenye mikunjo ya nguo, hiyo ndo inafanya kila mtu aonekane fundi. Macho usichore. Nasema tena macho usichore, atatoka kama kaona jini.

binti_raskazone: Samahani kaka zangu, mbona Waterloo tu? Chezeni vita vya Tanga vya Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walileta watu kama 8,000 kutoka India, wakashukia huku kwetu Ras Kazone, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000 na wengi wao askari weusi, na Waingereza wakapigwa wakarudi melini tarehe 5 wameacha bunduki za rashasha na marisasi kibao ufukweni. Na nyuki nao wakawavamia juu.

mpwa_wa_midlands: Dada hiyo nimeipenda!! Ila nyuki mezani unawekaje?

DaduSita: Sisi tuliwahi kuicheza. Kikosi kikifyatua kikiwa ndani ya mashamba ya mpira na mkonge, dadu ikitoka 1 mzinga umeguswa, kikosi kilicho karibu zaidi kinakimbia hatua nzima, awe Mjerumani awe nani, maana hata kweli waling'ata pande zote. Ila msiwape nyuki ushindi wote bana. Nahodha wa manowari ya Waingereza alishuka kwanza kudai mji usalimu amri, huku Wajerumani wanapakia watu kwenye treni kutoka Moshi, kwaiyo kwenye mchezo wetu kila raundi Mwingereza anayochelewa pwani, kombania moja ya Wajerumani inashuka stesheni. Reli ndo iliua. Na askari wengi wa Mjerumani walikuwa na bunduki za zamani zinazotoa moshi, akifyatua tunaweka kipamba mbele yake, hawezi kujificha tena.
Kupaka hao ni raha, kaki mwili mzima, tarbushi nayo ina kava ya kaki, miguuni vitambaa vya bluu. Jioni mbili tatu umemaliza kombania.

mzee_wa_bombo: Mnacheza vizuri ila sijaona mpagazi hata mmoja hapo mezani. Vita ile ilibebwa vichwani, waliokufa kwa njaa na kuhara ni wengi kuliko wa risasi, sasa ninyi mna tarbushi na rashasha tu.

DaduSita: Shikamoo mzee. Kwa Tanga yenyewe reli ilikuwa pale pale, lakini tukicheza ya miaka ya mbele, 1916 na 1917 kule Rufiji, tunaweka wapagazi. Rashasha bila wapagazi wake haisogei, na kila raundi unarusha dadu ya chakula na maradhi, wakipungua unachagua unaacha risasi au unaacha posho. Watu wanalalamika mchezo unachosha, nawaambia ndo wenyewe huo.

mzee_wa_bombo: Marahaba. Hapo sawa. Mwambie na huyo mgeni asome ramani kabla ya kununua marangi.

mpwa_wa_midlands: Nimekusoma mzee. Wiki hii naazima jeshi la vipande 12. Ila huyo mzee wa kazini nikimwambia Tanga si atataka awe Mjerumani?

binti_raskazone: Mwachie. Wewe shika Waingereza, ushuke pwani mapema kabla treni haijafika, uone kama itakuwa vile vile.