Mjadala: Adui tunayemwombea ni nani?

Ndugu wa Goma na kwingineko, hili limeligawa shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, naomba mlichambue.

Ilikuwa Jumatano, siku chache baada ya mauaji ya Komanda. Mnakumbuka: usiku wa kuamkia 27 Julai 2025 ADF, waasi walioungana na Dola la Kiislamu, waliingia kwenye parokia ile ya Ituri, hapa mashariki ya Kongo, wakaua watu zaidi ya 30, wengi wao wakiwa kwenye mkesha wa sala. Sisi tulisalia kwa mama mmoja hapa Ndosho. Ilipofika saa ya maombi ya waamini, kiongozi akatoa nia: "Tuwaombee adui zetu Waislamu, Mungu ageuze mioyo yao." Kwa kawaida jibu letu hutikisa mabati. Siku ile "Ee Bwana, twakuomba utusikie" ilitoka kama kwa watu wenye maji mdomoni. Mama mwingine, aliyekimbia kutoka upande wa Beni, akakaza kikwembe chake, akatoka, akaketi kando ya mbabula, jiko la makaa la chai, mpaka tukamaliza.

Tangu hapo kuna kambi mbili. Kuna wanaosema mama alikosea, maana Mathayo 5:44 iko wazi: "Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi." Wengine wanasema aliyekosea ni kiongozi, huwezi kuwaombea wauaji mbele ya mtu ambaye hajaondoa matanga.

Mimi naona kosa liko kwenye neno moja tu, "Waislamu". Anayetuuzia mandazi nyuma ya ukuta wa nyumba ile ile ni Mwislamu, na kuta za mbao mnazijua, alisikia kila kitu. Ametukosea nini? Ukimsamehe mtu asiyekukosea, umemshitaki. Na hao ADF hawatofautishi kama sisi tunavyotofautisha. Mei 2021, kule Beni, sheikh aliyekuwa akiwakemea alipigwa risasi ndani ya msikiti watu wakiwa kwenye sala ya usiku. Yeye naye tumweke upande gani?

(Hata hilo neno "adui", hapa Goma tangu M23 wauchukue mji Januari 2025, mtu analitazama kushoto na kulia kabla ya kulitamka. Hayo tuyaache.)

Mzaliwa wa Beni: Unaandika vizuri kwa sababu unalala. Kasindi, 15 Januari 2023, bomu lililipuka kanisani watu wakiwa kwenye ubatizo, na kundi linalojiita Dola la Kiislamu likasema ni kazi yake. Dini waliitaja wao wenyewe, kiongozi wenu hakuizua. Ila huyo mama muacheni. Alitoka kwenye nyumba, hakutoka kwa Mungu.

Katekista: Mmesahau parokia ya Komanda ina jina la nani. Ni la Mwenye heri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kanali wa waasi wa Simba, na alimsamehe pale pale akipigwa. Hakungoja matanga. Kama msamaha una saa yake, tulifute basi hilo jina mlangoni.

Mama wa Katindo: Baba Katekista, kwa heshima. Anuarite alisamehe damu yake mwenyewe. Damu ya kaka yangu ataisamehe nani kwa niaba yangu, tena kwa sauti, katikati ya chai?

Katekista: Mama, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye heri, Kinshasa, 15 Agosti 1985, alimsamehe yule kanali kwa jina la Kanisa zima. Na Kanisa ni sisi.

Mama wa Katindo: Miaka 20 na zaidi ilikuwa imepita. Ninyi mlingoja siku ngapi?

Mtoto wa Birere: Miye niko Mwislamu. Kila wakiua kule, kofia naiacha nyumbani siku mbili tatu, sitaki macho ya watu kwenye kichwa. Mama yangu ni Mkatoliki, michango ya shirika analipa kila mwezi. Sasa nikiombewa kama adui, yeye anajibu "utusikie" akimfikiria nani?

Mtu wa Bukavu: Huku kwetu tunalijua hilo jambo. Askofu mkuu Munzihirwa alikataa wakimbizi wote wa Rwanda wahesabiwe wauaji wa mauaji ya kimbari ya 1994, wakati watu wengi hawakutaka kusikia. Tarehe 29 Oktoba 1996 akauawa hapa mjini. Kupenda adui ni kazi ngumu, lakini kukataa kuongezewa maadui wasio wako nayo iliua mtu.

Mzaliwa wa Beni: Sawa, Bukavu. Ila msifanye kana kwamba wauaji hawapo.

Mwenye mada: Wapo, na sisemi wasikamatwe. Anayemwombea mwuaji anaweza pia kumpeleka mahakamani, sioni shida hapo. Katekista amenishinda kwa Papa, Mama wa Katindo amemshinda kwa miaka.

Niwaambie kitu. Jana asubuhi nilikwenda kununua mandazi kwa jirani yule. Nililipia matano. Alihesabu matano, akayafunga kwenye karatasi, kisha akaongeza la sita kama afanyavyo siku zote. Akasema tu, "Mlisali sana ile Jumatano, yaya" (yaani mkubwa wangu). Nikasema ndiyo. Sikupata neno lingine, nikaondoka.

Wiki hii ni zamu ya nyumba yangu. Nia nimeiandika kwenye daftari la mtoto: tuwaombee waliouawa Komanda, na jirani zetu wote wanaoogopa usiku. Wauaji sijawaweka, kwa ajili ya yule mama, ambaye amesema atakuja. Katekista ataniambia nimeikwepa Mathayo, na huenda ni kweli. Anayeweza kuiandika ile nia vizuri zaidi, wauaji wakiwemo na yule mama akibaki ndani, aniandikie kabla ya Jumatano.