Thunderbird ya 2002 na Challenger: kwa nini moja ilikaa miaka 4 na nyingine 15?

Mpiga_Rangi

Wakuu salaam. Mimi ni fundi wa bodi na rangi, niko Michigan, na ugonjwa wangu ni haya magari ya Kimarekani ya miaka hii yaliyoundwa kwa sura za zamani: Prowler na PT Cruiser za Chrysler, Thunderbird ya 2002 na Mustang ya 2005 za Ford, Challenger ya Dodge, SSR na Camaro za Chevrolet. Nataka kununua moja la kwangu na nimebaki na mawili, Thunderbird na Mustang GT ya 2005. Ila kabla sijatoa hela kuna jambo naomba mnisaidie kulielewa, maana linanisumbua kuliko bei.

Kwa jicho la fundi wa bodi, Thunderbird ile ni kazi safi mno. Chuchumaa usawa wa taa ya mbele, uangalie ubavu wote hadi taa ya nyuma ya duara. Hakuna mkunjo wa kulazimisha, hakuna pambo lililobandikwa kuficha kitu. Mwanga unateleza juu ya bati bila kukatika. Kile kidirisha cha duara kwenye paa gumu la kuvua kimetoka kwenye Thunderbird ya 1956. Na watu waliitamani kweli: mwaka 2000, magari 200 ya toleo maalumu yaliyouzwa kupitia katalogi ya Neiman Marcus yaliisha kwa saa 2 na robo. Mwaka 2005 uzalishaji ukafungwa. Jumla kama 68,000 tu.

Challenger nayo ilianza 2008 na ikaendelea kutengenezwa Brampton, Kanada, mpaka Desemba 2023, kwa bodi karibu ileile. Mwaka 2021, ikiwa na miaka 13 sokoni, iliuzwa kuliko Mustang hapa Marekani! Sasa iangalieni vizuri. Ni nene, ina urefu wa zaidi ya mita 5, ikiegeshwa inajaza mistari yote miwili. Usanii wa Thunderbird haina. Zote mbili zilichukua sura ya babu yao waziwazi. Mbona moja ilipokelewa na nyingine ikasifiwa tu, kisha ikaachwa?

Msiniambie ni ukubwa wa injini. Challenger za V6, yaani injini ndogo ya silinda sita, nazo zilitoka kwa wingi.

Mzee_wa_Tapeti

Kijana, swali zuri, ila hesabu yako umeianzia katikati. Rudi 1955.

Thunderbird ya kwanza ilikuwa na viti viwili. Kuanzia 1955 hadi 1957 Ford haikufikisha hata magari 54,000. Wakubwa wakaona viti viwili havilipi, mwaka 1958 wakaleta ya viti vinne, na hiyo ndiyo iliyouza. Sura tunayoiita nzuri leo ndiyo waliyoiacha wao wenyewe baada ya miaka 3. Mwaka 2002 wakairudisha pamoja na viti vyake viwili, wakapata wateja walewale wachache: mtu mwenye gari jingine la kila siku, anayetaka la kutembelea Jumapili. Hao wakishanunua, wameisha. Kwa hiyo hiyo 68,000 unayoisikitikia imeipita ile ya asili.

La pili ni ndani. Chesisi ilitoka kwenye familia moja na Lincoln LS na Jaguar S-Type, na hiyo si aibu, ni chesisi nzuri. Lakini na dashibodi nayo walichukua ya Lincoln LS. Umeshavutwa na ule ubavu, unafungua mlango kwa hamu, unakutana na dashibodi ya sedani ya mtu wa ofisini. Pale ndipo raha inapokatika.

Linganisha na Mustang. Ya kwanza, Aprili 1964, ilianzia dola 2,368, gari la kijana aliyeanza kazi juzi. Ya 2005 wakarudisha taa za nyuma za mistari mitatu, farasi kwenye grili, na kile kijidirisha cha pembeni nyuma ya mlango. Lakini wakarudisha na bei: ya V6 ilianzia chini ya dola 20,000. GT, ile yenye nguvu zaidi, ilikuwa na V8 ya lita 4.6, nguvu za farasi 300, na ekseli ya nyuma ya kipande kimoja kama zamani. Wapo walioilalamikia hiyo ekseli, lakini ndiyo iliyosaidia bei isipande. Mustang ilirudi na sura yake na kazi yake. Thunderbird nayo ilirudi na kazi yake, ila kazi yenyewe tangu mwanzo ilikuwa ya wachache.

Bi_Usukani

Shikamoo Mzee. Hapo kwenye kazi nakuunga mkono kabisa, ila naona mnazunguka kwenye V8 huku gari lililouzwa kuliko yote kwenye orodha ya Mpiga_Rangi mmelipita kimya. PT Cruiser! Kuanzia 2000 hadi 2010 zilitengenezwa zaidi ya milioni 1.3, na ni injini ya silinda nne, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta.

Mimi nimeiendesha PT Cruiser miaka mingi na sikubali ikidharauliwa. Unakaa juu, unaona barabara. Viti vya nyuma unavitoa kabisa, si kulaza tu, na sakafu inabaki tambarare. Nimebeba makabati, nimebeba mashine ya kufulia, nimebeba watoto na mizigo yao. Ile sakafu tambarare ilikuwa na sababu nyingine pia: kisheria gari lilihesabiwa lori jepesi, hivyo ulaji wake mdogo wa mafuta ukashusha wastani wa ulaji wa malori yote ya kampuni, ambao serikali iliuwekea kikomo. Watu waliolichora walikuwa wanafikiria.

Na umbo lake halikuwa pambo. Magari ya miaka ya 1930 yalikuwa marefu kwenda juu kwa sababu watu walikaa wima, wengine na kofia kichwani. PT Cruiser ilichukua kimo hicho ikakitumia kupata nafasi. Vitasa vya milango vina kitufe cha duara unachokibonyeza kwa kidole gumba, na kwenye zile za gia za mkono kichwa cha gia ni mpira mweupe. Kila asubuhi mkono wako unakutana na vitu hivyo. Thunderbird ilikosa hicho, kama Mzee alivyosema kuhusu dashibodi.

Iweke pembeni ya Prowler, ya kampuni hiyohiyo. Prowler ina sura ya gari la mbio la kujiundia, magurudumu ya mbele yako nje, alumini tele. Halafu V6 ya lita 3.5 na gia za otomatiki tu. Buti dogo mpaka wakawa wanauza tela dogo la kufanana nalo! Hazikufika 12,000.

Kilichoiua PT Cruiser si sura. Ni kwamba waliitelekeza. Miaka 10 na mabadiliko ya juu juu tu.

Chuma_na_Kioo

Naongezea kuhusu Challenger, maana Mpiga_Rangi ameuita unene wake kasoro na mimi naona ndio ulioliokoa gari hilo.

Ile ya 1970 ilikuwa haina nguzo katikati ya dirisha la mbele na la nyuma. Ukishusha vioo, ubavu mzima uko wazi. Gari la maonyesho la 2006 kule Detroit nalo halikuwa na nguzo. La kuuzwa likaja nayo, kwa sababu siku hizi paa lazima libebe uzito gari likipinduka, na mlango lazima ukinge kishindo cha pembeni. Bodi ikapanda, vioo vikawa vyembamba. Ili ubavu mnene usionekane umekalia vigurudumu vya mtoto, SRT8 ya kwanza, ile Challenger ya V8 kubwa, ikapewa rimu za inchi 20. Fundi wa bodi atanielewa: ukiongeza bati juu, lazima uongeze gurudumu chini.

Camaro ya 2010 ilifanya vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Matokeo yake ukikaa ndani unachungulia nje kama uko ndani ya handaki, na kiti cha nyuma ni cha kuwekea koti. Challenger ilijengwa juu ya chesisi iliyofupishwa ya Charger na Chrysler 300, yaani sedani za familia. Kwa hiyo watu wazima wanakaa nyuma, na buti linameza masanduku ya safari. Mtu akawa na gari moja la kila kitu, kazini, safarini, na Jumapili. Hapo ndipo wateja wa V6 unaowataja walipotoka. Ni habari ileile ya Bi_Usukani na mashine yake ya kufulia.

Bronco ya 2021, jipu la Ford, imeenda njia hiyo hiyo. Vioo vya pembeni havijafungwa kwenye mlango, vimefungwa mbele yake, ili ukivua milango bado uone nyuma. Aliyebuni hilo amewahi kuvua milango ya gari. Na Charger Daytona mpya ya umeme ina tundu refu puani: hewa inapita chini ya bawa, na pua inabaki wima kama ya 1968. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu sura ya zamani imepewa shughuli ya kufanya.

Mpiga_Rangi

Asanteni sana. Dada Bi_Usukani, la vitasa umenigusa, nitakapopata PT Cruiser gereji nitavishika kwa heshima.

Chuma_na_Kioo, kwenye unene nakubali hoja ya nafasi. Ila bado nasema uzuri una haki yake wenyewe. Gari likishauzwa likazeeka, kinachobaki mbele ya macho ni bati. Thunderbird ya 2002 ukiisafisha na kuipaka rangi leo, nyumba nzima inatoka nje kuitazama.

Na Mzee, umenipa jibu bila kukusudia. Nilidhani ilishindwa kufanana na babu yake, kumbe imefanana naye mpaka kwenye wateja. Mimi ni mmoja wa hao wachache: gari la kila siku ninalo, watoto wamekua, na viti viwili vinatutosha na mama yao. Nachukua Thunderbird. Niangalie nini?

Mzee_wa_Tapeti

Kwanza fikiria ya 2003 kuendelea. Ile V8 ya lita 3.9 ilipanda kutoka nguvu za farasi 252 hadi 280, na barabarani unaihisi.

Fungua boneti, uondoe kava za koili (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi) uangalie visima vya plagi. Gasketi za kava za tapeti zikivuja, oili inajaa mle na kuua koili moja baada ya nyingine. Gari linaanza kukohoa ukikanyaga mafuta. Ukikuta oili, mwambie muuzaji apunguze bei ya gasketi na koili zote nane. Angalia pia tanki la maji la ziada na viungio vya plastiki vya mfumo wa kupozea, vinapasuka kwa umri.

Halafu uliza kama paa gumu lipo. Wengine waliuza gari bila paa, wengine walinunua bila paa tangu siku ya kwanza, na kulitafuta peke yake ni kazi. Kama lipo, nenda na mtu wa kukusaidia kuliinua, mlivue palepale mbele ya muuzaji, mpitishe mkono kwenye mipira yote ya kuzuia maji. Bati sikufundishi, hilo ni lako.