Mnyororo, waya au mkanda: tununue kipi cha kunyanyulia mizigo karakanani Mombasa?

fundi_shimanzi
Salaam jamani. Karakana yetu iko Shimanzi, kazi yetu kubwa ni jenereta, gia boksi na injini za boti. Mzigo mzito kabisa unafika tani 3. Tuna gantri ya kusukuma ya tani 5 (fremu ya kunyanyulia yenye magurudumu) na chenibloku mbili, zile za kupandisha mzigo kwa kuvuta mnyororo kwa mkono. Vifaa vya kufungia mzigo vimechakaa na bosi amekubali kutoa pesa, ila anataka tuchague aina moja tu: minyororo, kamba za waya au mikanda laini ya poliesta. Mimi naona mnyororo, kwa kuwa unadumu. Vijana wanataka mikanda, ni myepesi na haichubui rangi ya mteja. Bosi naye akiona bei anauliza kwa nini tusitumie mikanda ya kufungia mizigo ya lori, ipo tele stoo. Nyinyi mnatumia nini, na chumvi yetu hii inakiachaje?

waya_na_shakeli
La mikanda ya lori mkatalie leo leo. Soma lebo yake: utaona LC (uwezo wa kufungia) na namba za daN (dekanyutoni, kipimo cha nguvu ya mvuto). Hicho ni kipimo cha kukaza mzigo usiteleze juu ya bodi, si cha kuuning'iniza hewani. Mkanda wa kunyanyulia uliotengenezwa kwa viwango vya Ulaya una uwiano wa usalama wa 7 kwa 1, yaani wa tani 2 ukiwa mpya unatakiwa ustahimili tani 14 kabla ya kukatika. Wa lori haukutengenezwa kwa hesabu hiyo.

Kwa jenereta nakuunga mkono, mnyororo. Chukua wa miguu miwili, yaani minyororo miwili inayoshuka kutoka pete moja, gredi 80 (daraja la nguvu ya chuma), unene wa pingili milimita 10. Mguu mmoja ukiwa wima unabeba tani 3.15. Miguu yote miwili inabeba tani 4.25 mradi kila mguu usilale zaidi ya digrii 45 kutoka wima. Ikilala zaidi, mpaka 60, unarudi kwenye 3.15. Kwa mzigo wa tani 3 bado uko salama hata fundi akipima pembe kwa jicho.

MwanaMtongwe
Kaka, mnyororo sawa kwa jenereta yenye masikio ya chuma. Lakini shafti ya propela iliyosuguliwa ikang'aa utaifunga mnyororo? Ukishaikwaruza pale inapokaa sili, maji yanaingia botini na mteja anarudi kwako. Sisi huku kwenye boti tunatumia mikanda, na raha yake moja ni kwamba rangi inasema uzito: zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5. Hata kijana aliyeanza kazi Jumatatu hakosei.

Jihadharini tu na namna ya kuufunga. Wa njano ukishuka wima ni tani 3. Ukiupiga kitanzi ukajikaza wenyewe kwenye mzigo, unabaki na 2.4. Ukiupitisha chini ya mzigo ncha zote mbili zikarudi kwenye kulabu, zimesimama wima, unapata 6.

Adui wake ni ukingo mkali. Bamba la chuma lililokatwa na gesi linaupasua mkanda uliovutwa kama wembe kwenye karatasi. Weka kinga kila kona. Wengine hukata mpira mnene wa hozi, sawa, mradi usichomoke mzigo ukiinuka.

Bi_Usalama
Mwanangu fundi_shimanzi, bosi wako anakuuliza swali lisilo na jibu. Hakuna kifaa kimoja cha mizigo yote hiyo, na hapo ndipo watu huanza kulazimisha. Kabla ya aina, nataka muone pembe, maana hapo ndipo wengi hujidanganya.

Chukua jenereta ya tani 2.4, miguu miwili. Miguu ikisimama kwa digrii 60 kutoka usawa wa sakafu, kila mguu unavutwa kama tani 1.4. Ishushe iwe 45, kila mguu unabeba 1.7. Ikilala mpaka 30 kwa sababu mmefunga fupi, kila mguu unabeba tani 2.4, yaani kila mmoja amebeba jenereta nzima. Mzigo haujaongezeka hata kilo. Kwa hiyo nunua miguu mirefu kuliko unavyodhani unahitaji, kama gantri ina kimo cha kutosha.

Na ukifunga miguu minne usigawanye uzito kwa nne. Mzigo mgumu usiopinda hukaa kwenye miguu miwili ya mkabala, mingine imelegea tu inaangalia.

Sheria nayo: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka minyororo, kamba na vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe kikamilifu na mtu aliyeidhinishwa angalau kila miezi 6. Jedwali la uzito salama wa kila kifaa libandikwe stoo pale vinapotunzwa. Kifaa kisicho na lebo inayosomeka hakitumiki, hata kikiwa kipya kama cha jana.

mzee_wa_gati
Wote mmeisahau waya, na ndiyo iliyojenga bandari hii. Inavumilia ukingo kuliko mkanda, ni nyepesi kuliko mnyororo, na bei yake ni nafuu. Nunua iliyopakwa zinki, yenye kiini cha chuma. Ile ya kiini cha nyuzi hunywa unyevu. Nje unaona imepakwa grisi inapendeza, ndani imeshaliwa na kutu.

Lakini msinunue vipande vya waya kuukuu vya kreni vilivyosukwa vitanzi upya. Vipo mitaani, bei ya kutupa. Waya ile ilitolewa kwenye kreni kwa sababu imechoka. Na kitanzi kilichofungwa kwa klipu za kukaza na nati msikitumie kunyanyulia.

Kukagua: vaa glovu za ngozi, pitisha kitambaa taratibu, kikinasa umekutana na uzi uliokatika. Pima urefu ambao msokoto mmoja (fungu moja la nyuzi zilizosukwa pamoja) unazunguka waya mara moja. Ukihesabu nyuzi 10 zilizokatika ndani ya urefu huo, au 5 kwenye msokoto mmoja, itoe. Iliyokunjika ikabaki na kigongo, au iliyofumuka kama tenga, itoe bila kuhesabu.

waya_na_shakeli
Shikamoo mzee. Nakubali yote ila bei. Waya ikipigwa kigongo mara moja imekwisha, mnyororo utaendelea miaka. Ukiweka hesabu ya miaka mitano waya si rahisi.

mzee_wa_gati
Marahaba. Inategemea nani anaitumia, kijana wangu. Nimeona minyororo ya mwaka mmoja imechomelewa karakanani kwa sababu pingili ilipasuka. Mnyororo wa gredi 80 umepikwa kwa moto maalumu. Ukiuchomelea, ule ugumu umeondoka hapo.

Bi_Usalama
Hilo la mzee lisipite hivi hivi. Usichomelee mnyororo wala kulabu, na usiunganishe pingili kwa bolti. Usipeleke mnyororo wa gredi 80 ukachovywe zinki ili usishike kutu, wala kuuosha kwa asidi: haidrojeni huingia kwenye chuma, kinakuwa chepesi kuvunjika bila dalili. Uoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, uukaushe, uupake mafuta kidogo.

Utaondolewa kazini ukirefuka kwa asilimia 5, au unene wa pingili ukipungua asilimia 10. Pima na caliper (kipimio cha unene) pale pingili zinaposuguana, si ubavuni. Na kulabu ambayo mdomo umepanuka kwa asilimia 10 ilishabeba mzigo usio wake.

chumvi_na_magadi
Nyongeza kwa wa mikanda. Kama gia boksi zenu zinatoka kwenye mitambo ya kupakilia magadi, ziosheni kabla ya kuzifunga. Poliesta inavumilia asidi nyingi lakini alkali inaila, na magadi ni alkali. Nailoni ni kinyume chake, inaliwa na asidi. Na mkanda usianikwe juani kila siku, jua linaudhoofisha hata kama haujabeba kitu. Ukiona rangi imepauka na nyuzi zina unga, au lebo imefutika, ukate vipande viwili ndipo uutupe, la sivyo utaukuta kesho kwenye tuktuk.

fundi_shimanzi
Ahsanteni sana. Nimemwonyesha bosi ile hesabu ya pembe, akanyamaza, halafu akauliza bei ya mnyororo na ya mikanda. Tunaelekea kwenye mnyororo mmoja wa miguu miwili milimita 10, mikanda miwili ya njano na miwili ya kijani, na shakeli (vile viungio vya chuma vya umbo la U vyenye pini). Waya tumeiacha kwa sasa, mzee usinikasirikie. Vitu vitakaa wapi? Tuna kontena tupu uani.

mzee_wa_gati
Sikasiriki. Kontena hapana, usiku linatoka jasho ndani, asubuhi kila kitu kimeloa. Vitundikwe ukutani kwenye kivuli, hewa ipite.

MwanaMtongwe
Shakeli kila moja ibaki na pini yake. Pini ikipotea, shakeli imepotea. Bolti ya kawaida isipite hapo. Na usiivute kwa ubavu: mvuto ukija kwa digrii 90 uwezo unabaki nusu.

fundi_shimanzi
Sawa. La mwisho, zile chenibloku mbili, moja inateleza kidogo mzigo ukining'inia. Kijana anasema aitie oili.

waya_na_shakeli
Asithubutu! Breki yake inashika kwa msuguano wa diski, mafuta yakifika pale haishiki tena. Oili ni ya mnyororo unaobeba mzigo tu. Hiyo inayoteleza itundike kando na kibao chekundu mpaka ifunguliwe na anayeijua. Ile nyingine nayo iangalie: ikihitaji watu wawili kuvuta mnyororo wa mkono, mzigo umeizidi.